Eidos, Umbo na Dhana: Historia ya Neno la Plato na Tatizo la Kulitaja kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya maneno mawili ya Kigiriki, eidos na idea, ambayo Plato aliyatumia kutaja vitu kamili visivyobadilika ambavyo, kwa maoni yake, ndivyo vinavyovifanya vitu vya ulimwengu wa hisi viwe jinsi vilivyo. Makala inahoji kwamba istilahi mbili zinazojitokeza kwanza katika Kiswahili, yaani wazo na dhana, zinamsemesha Plato mambo ambayo yeye mwenyewe aliyakana, na kwamba kosa hilo lina gharama katika ufundishaji wa nadharia ya fasihi. Safari ya maneno hayo kupitia Kilatini na Kiarabu inachunguzwa kwa kiasi kinachohitajika ili kupima uwezo wa maneno sura, kiolezo na umbo.

1.0 Utangulizi

Katika kitabu cha 10 cha Jamhuri, Socrates anataja vitanda vitatu. Cha kwanza ni kile kilichomo katika asili ya mambo, nacho ni kimoja tu. Cha pili ni kile anachokitengeneza seremala, na cha tatu ni kile anachokichora mchoraji. Kwa hesabu hiyo mchoraji yuko mahali pa tatu kutoka kwenye ukweli, na mtunzi wa tanzia yuko pamoja naye. Kifungu hiki ni maarufu kwa wanafunzi wa fasihi kuliko kifungu kingine chochote cha Plato, kwa sababu ndicho chimbuko la mjadala wa uigaji. Hufundishwa mapema, aghalabu katika mihadhara ya mwanzo ya nadharia ya fasihi, kisha huachwa ili Aristotle aingie kumjibu mwalimu wake.

Tatizo linaanza pale mwalimu anapotakiwa kukipa jina kitanda cha kwanza. Akikiita wazo la kitanda, mwanafunzi makini atauliza swali ambalo halina jibu: ikiwa kitanda cha kwanza ni wazo, kwani mchoraji hana mawazo? Seremala hubuni kitanda akilini kabla ya kushika randa, na mchoraji naye hubuni picha yake akilini kabla ya kushika brashi. Wote wawili wanatoka mahali pamoja, na wote wawili wako hatua moja tu kutoka kwenye wazo. Daraja tatu zinaporomoka na kuwa mbili, na shutuma dhidi ya washairi inabaki kuwa chuki isiyo na hoja. Wanafunzi wengi wanatoka darasani wakiamini kuwa Plato hakupenda mashairi, basi. Ukweli ni kwamba alikuwa na hoja, tena hoja nzito, lakini hoja hiyo inategemea jambo moja: kitanda cha kwanza hakimo akilini mwa mtu yeyote.

2.0 Maneno ya macho

Eidos na idea yalikuwa maneno ya kawaida ya Kigiriki miaka mingi kabla Plato hajazaliwa karibu mwaka 427 KK. Yote mawili yanatokana na mzizi wenye maana ya kuona, mzizi uleule uliozaa kitenzi cha Kilatini videre. Kigiriki kilikuwa pia na kitenzi oida, "najua", ambacho kwa umbo lake la kisarufi ni wakati timilifu wa kuona: anayejua ni yule ambaye amekwisha kuona. Mgiriki hakuhitaji falsafa yoyote kuunganisha kuona na kujua, kwa kuwa lugha yake ilikuwa imemuunganishia.

Kwa Homer, eidos ni jinsi mtu anavyoonekana, hasa uzuri wa mwili wake. Hector anapomkemea nduguye Paris, anamwambia kuwa ubora wake uko katika eidos. Maana yake ni kwamba ana sura nzuri na moyo wa woga. Katika maandishi ya tiba yanayohusishwa na jina la Hippocrates, neno hilo linapanuka. Tabibu huona dalili, hutambua zinavyofanana kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, na kuita mfanano huo eidos, yaani aina ya ugonjwa au aina ya mwili. Thucydides, akisimulia mauaji ya wenyewe kwa wenyewe kisiwani Corcyra, anatumia idea kwa aina za vifo vilivyoshuhudiwa humo. Hivyo, kufikia mwisho wa karne ya 5 KK, maneno hayo yalikuwa yametoka kwenye uso wa mtu mmoja na kufikia kile kinachoonekana kuwa kimoja katika vitu vingi. Hatua iliyosalia ilikuwa moja, nayo ndiyo aliyoichukua Plato: kuuliza kama hicho kimoja kipo chenyewe.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba Plato hakuunda istilahi. Alichukua maneno ya sokoni na zahanati, na katika majadiliano yake anaendelea kuyatumia kwa maana zake za kila siku, wakati mwingine katika ukurasa uleule anamoyatumia kwa maana yake mpya. Wala hakuandika popote kitabu chenye jina la nadharia ya eidos. Anayetafuta fasili iliyokamilika hataipata.

3.0 Mto na mraba

Aristotle, aliyejiunga na Akademia mwaka 367 KK akiwa kijana wa miaka 17 na kukaa humo kwa muda wa miaka 20 hivi, ameacha maelezo mafupi kuhusu chimbuko la fundisho la mwalimu wake. Anasema kwamba Plato katika ujana wake alimzoea Cratylus na mafundisho ya Heraclitus, kuwa vitu vyote vya hisi vinatiririka daima na hakuna maarifa juu yake. Baadaye alimsikiliza Socrates, ambaye alishughulikia maadili na kutafuta fasili za jumla. Plato alishika mambo yote mawili. Ikiwa fasili inawezekana, na ikiwa vitu vya hisi havitulii vikapata kufasiliwa, basi kinachofasiliwa ni kitu kingine.

Cratylus anastahili kutajwa zaidi katika jarida la isimu kuliko anavyotajwa kwa kawaida. Heraclitus alikuwa amesema kuwa mtu haingii mara mbili katika mto uleule. Cratylus, kwa habari ya Aristotle, alimkosoa: hata mara moja haiwezekani. Mwishowe aliacha kusema, akawa anatikisa kidole tu. Kisa hiki kinachekesha, lakini mantiki yake haina dosari. Neno hudumu kwa muda wa kutamkwa, na kitu kinachotiririka kimekwisha kuwa kitu kingine kabla silabi ya mwisho haijatoka mdomoni. Kwa Cratylus, lugha haiwezekani. Fundisho la Plato linaweza kusomwa kama jibu kwa kidole hicho, yaani kama maelezo ya namna ambavyo kusema kunawezekana.

Parmenides wa Elea alikuwa amekwisha kutoa sharti la upande wa pili: kilichopo hakizaliwi, hakifi, hakibadiliki. Wafuasi wa Pythagoras kusini mwa Italia, ambako Plato alisafiri kabla ya kuanzisha Akademia karibu mwaka 387 KK, walikuwa na kielelezo cha kitu cha namna hiyo, yaani namba na maumbo ya jiometri. Katika Meno, Socrates anamwita kijana mtumwa asiyewahi kufundishwa hesabu na kumchorea mraba wenye ubavu wa futi 2, hivyo eneo lake ni futi 4 za mraba. Anamtaka atafute ubavu wa mraba wenye eneo la 8. Kijana anajibu kuwa ubavu uwe 4. Wakihesabu wanapata eneo la 16. Anajaribu 3, wanapata 9. Anakiri kuwa hajui. Baada ya maswali mengine anafika kwenye mstari unaoukatiza mraba wa kwanza kutoka pembe hadi pembe, na kuona kuwa mraba uliojengwa juu ya mstari huo ndio wenye eneo la 8.

Urefu wa mstari huo hauwezi kutajwa kwa futi kamili wala kwa sehemu ya futi. Mchoro wa mchangani haufikii usahihi huo kamwe; chembe za mchanga zenyewe ni nene kuliko mstari wowote wa hesabu. Hata hivyo, kijana hakuthibitisha jambo kuhusu mchanga. Amethibitisha jambo kuhusu mraba, na jambo hilo lingebaki kweli upepo ukipita na kuufuta mchoro. Phaedo inalisema jambo hilohilo kwa vijiti. Vijiti viwili huonekana sawa kwa mtazamaji mmoja na si sawa kwa mwingine, ilhali usawa wenyewe hauonekani kamwe kuwa kutolingana. Tunavipima vijiti kwa kipimo ambacho vijiti havikutupa.

4.0 Uzuri, kilicho kizuri, na mzizi usiotamkika

Kuna maelezo mengine, ya kiisimu, kuhusu mahali fundisho hili lilipotoka. Bruno Snell, katika kitabu chake cha mwaka 1946 kuhusu ugunduzi wa akili kwa Wagiriki, alidai kuwa kibainishi cha Kigiriki ndicho kilichofungua njia ya fikra za kidhahania. Mgiriki aliweza kuchukua kivumishi kalos, "-zuri", kukiweka katika jinsia isiyo ya kike wala ya kiume, kutanguliza kibainishi, na kupata to kalon. Plato aliongeza auto, "-enyewe", akapata auto to kalon. Dai la Snell linavutia, lakini ni zito kuliko ushahidi wake. Kilatini hakikuwa na kibainishi, na bado kilimsoma Plato na kumwendeleza. Sarufi humrahisishia mtu swali fulani, lakini haimwamulii jibu.

Hata hivyo, kulinganisha Kigiriki na Kiswahili katika nukta hii kunafichua jambo lisiloonekana Kigiriki kikisomwa peke yake. To kalon ina maana mbili zilizoshikana. Inaweza kuwa "kile kilicho kizuri", yaani kitu fulani chenye uzuri, na inaweza kuwa "uzuri", yaani sifa yenyewe. Kiswahili kinazitenganisha maana hizo kwa ngeli. Kilicho kizuri kiko katika ngeli ya KI-VI, na uzuri uko katika ngeli ya U. Mzungumzaji hawezi kuteleza kutoka moja hadi nyingine bila upatanisho wa kisarufi kumsaliti.

Athari yake inaonekana katika hoja ambayo Plato mwenyewe aliielekeza dhidi ya fundisho lake. Katika majadiliano yanayoitwa Parmenides, mzee Parmenides anamwambia Socrates aliye kijana hivi: unaona vitu vingi vikubwa, na kwa sababu hiyo unakiri kuwapo kwa kikubwa chenyewe. Sasa vitazame vyote pamoja, vile vingi na hicho chenyewe. Je, hakitajitokeza kikubwa kingine kinachovifanya vyote vionekane vikubwa? Na juu yake kingine, bila kikomo. Aristotle aliiita hoja hii "mtu wa tatu". Gregory Vlastos, katika makala yake ya mwaka 1954 iliyozua mjadala wa miongo kadhaa, alionesha kuwa hoja inahitaji sharti lisilotamkwa, kwamba ukubwa wenyewe ni mkubwa. Kwa Kigiriki sharti hilo linapita bila kuhisiwa, kwani kusema kuwa to mega ni mega ni sawa na kusema kuwa kikubwa ni kikubwa. Kwa Kiswahili, sentensi "ukubwa ni mkubwa" inamshtua msikilizaji papo hapo. Ni mkubwa kuliko nini? Vivyo hivyo "uzuri ni mzuri", ambayo ama ni sifa ya mzaha ama si kitu. Mwanafunzi anayeisoma hoja hii kwa Kiswahili ana nafasi ya kukiona kiungo dhaifu mapema. Lakini pia yuko katika hatari ya kuona kuwa Plato aliteleza kipuuzi, na asielewe kwa nini fundisho hilo lilikuwa na nguvu kwa watu waliozungumza lugha ambamo kitu na sifa yake vinagawana neno moja.

Kiswahili kina jambo jingine ambalo mfuasi wa Plato angelifurahia. Wema, ambao katika kitabu cha 6 cha Jamhuri unalinganishwa na jua, unatokana na mzizi -ema. Tunasema mwema, chema, jema, njema, pema. Hakuna mzungumzaji aliyewahi kuutamka mzizi huo ukiwa uchi. Unaishi katika kamusi ukiwa na kistari chake, na bado kila mzungumzaji anaujua, la sivyo asingeweza kuupachika kwenye ngeli mpya bila kufundishwa. Ni mmoja, hauonekani, na umo katika vyote. Mfano huu ni mzuri, ila usisukumwe mbali: mwanaisimu anaupata mzizi kwa kuukwangua kutoka katika maneno, na hiyo ndiyo njia ya Aristotle.

5.0 Wazo: kosa lenye nasaba

Turudi kwenye wazo. Plato alilitafakari pendekezo hilo na kulikataa, tena kwa maandishi. Katika Parmenides hiyohiyo, Socrates kijana, akiwa amebanwa, anajaribu kujinasua kwa kusema kuwa pengine kila eidos ni wazo, noema, ambalo haliko popote ila katika nafsi. Parmenides anamuuliza: ni wazo la kitu, au wazo la si kitu? La kitu, anajibu Socrates. Kitu ambacho wazo linakiona kuwa kimoja katika vyote? Naam. Basi hicho kinachowazwa kuwa kimoja ndicho eidos. Wazo linakielekea, halikizai. Hoja inamalizika kwa mistari michache na Socrates anaihama.

Kosa la kumsoma Plato kwa njia ya mawazo, kwa hiyo, halikuanzia Afrika Mashariki wala si uzembe wa mfasiri wa Kiswahili. Lina nasaba ndefu. Cicero, katika Orator, anaeleza kuwa Phidias alipochonga sanamu za Zeus na Athena hakumtazama mtu yeyote. Alitazama sura ya uzuri iliyokuwamo akilini mwake. Kwa sentensi hiyo kitanda cha kwanza kilihamia kichwani mwa msanii. Philo wa Alexandria alikuwa na akili nyingine ya kukihifadhia, akili ya Mungu, na Augustine wa Hippo akafuata njia hiyo. Katika swali la 46 la mkusanyiko wake wa maswali 83, Augustine anajadili pia tafsiri: idea kwa Kilatini iwe formae au species, ukitaka neno kwa neno, ukisema rationes umeliacha neno, ingawa hujaiacha maana. Kufikia karne ya 17, Descartes alipolitumia neno hilo kwa chochote kilicho mbele ya akili ya mtu, safari ilikuwa imekamilika. Neno lililomaanisha kitu kinachoonwa likawa linamaanisha kilichomo ndani ya anayeona. Lugha za Ulaya zilirithi maana hiyo, na wafasiri wa Kiswahili wanaopitia lugha hizo wanaipokea pamoja na usaha wake.

Erwin Panofsky, aliyeandika historia ya neno hilo katika nadharia ya sanaa mwaka 1924, alionesha kejeli iliyomo: neno ambalo Plato alilitumia kumshusha mchoraji ndilo lililotumiwa baadaye kumpandisha. Anayefundisha uigaji kwa kusema wazo la kitanda anafundisha nusu ya Plato na nusu ya Cicero, kisha anashangaa hoja haishikani.

6.0 Dhana

Dhana ni tatizo fupi zaidi, ila linachoma zaidi. Katika isimu na uhakiki wa Kiswahili, dhana limekwisha kuwa neno lisiloepukika kwa kitu kilichofafanuliwa vizuri akilini. Lakini asili yake ni Kiarabu, dhann, yaani kukisia, kushikilia jambo bila yakini, na kitenzi chake kudhani hakijaiacha maana hiyo: anayedhani hajui. Sasa, mwishoni mwa kitabu cha 5 cha Jamhuri, Plato anaipanga falsafa yake yote juu ya tofauti kati ya episteme, maarifa, na doxa, rai ya mtu asiye na hakika. Eidos ni mlengwa wa episteme. Vitu vya hisi, vinavyozunguka kati ya kuwa na kutokuwa, ni mlengwa wa doxa. Kuita eidos dhana ni kulichukua jina la chumba cha chini na kulibandika kwenye mlango wa juu. Msomaji mwenye masikio ya Kiswahili cha zamani atasikia kwamba Plato anatuahidi yakini juu ya makisio.

7.0 Baghdad na Roma

Maneno ya Plato yaliwahi kupita katika lugha mbili ambazo Kiswahili kinadaiwa nazo msamiati. Kilatini kilikuja kwanza. Cicero alipendekeza species kwa idea, neno linalotokana na kutazama, na kwa hiyo lenye mantiki ileile ya Kigiriki. Seneca, katika barua yake ya 58, analalamikia umaskini wa Kilatini anapojaribu kumweleza Plato, na kulazimika kutafsiri to on kwa maneno mawili, quod est. Manung'uniko yake yatafahamika kwa kila aliyekaa katika kikao cha istilahi. Aristotle alikuwa amelitumia eidos pia kwa aina ndogo ndani ya jenasi, na species ikabeba kazi hiyo pamoja na nyingine, hadi ikafika kwa wanabiolojia na, kupitia kwao, kwa vitabu vya shule. Mwanafunzi wa sekondari anayeandika spishi katika daftari lake anaandika, bila kujua, tafsiri ya neno la Plato.

Njia ya pili ilipita Baghdad. Katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, na wenzake waligeuza maandishi mengi ya Kigiriki kuwa Kisiriani na Kiarabu. Plato, au Aflatuni, hakubahatika kama Aristotle. Hakuna majadiliano yake hata moja yaliyosalia katika tafsiri kamili ya Kiarabu ya zama hizo, na mengi yaliyojulikana juu yake yalifika kwa muhtasari. Wanafalsafa walitenganisha maneno mawili. Kwa eidos ya Aristotle, iliyomo ndani ya kitu pamoja na mada yake, walitumia sura. Kwa eidos ya Plato, iliyojitenga, walitumia muthul, wingi wa mithal. Ibn Sina (980–1037) aliikanusha muthul katika metafizikia ya Kitab al-Shifa. Suhrawardi (1154–1191) aliirejesha. Mgawanyo huo ni wa maana kubwa, kwa kuwa mwanafunzi aliyesema sura alijulikana mara moja kuwa hamsemi Aflatuni.

Kiswahili kina sura na kina mithali, methali na mithili, ingawa maneno hayo yalifika pwani kwa njia ya mazungumzo, dini na ushairi, wala si kwa njia ya vitabu vya falsafa. Sura inamrudisha msomaji hadi kwa Homer: ana sura nzuri, tunasema, kama Hector alivyosema juu ya Paris. Lakini matumizi yetu yameibana kwenye ngozi ya nje. Tunatofautisha sura na tabia, sura na kiini. Methali ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani yake ni kipande cha mti, ina onyo juu ya sura kwa maana hiyohiyo, na inafaa kuangalia inakompeleka msikilizaji: kutoka nje ya kitu hadi ndani ya kitu hichohicho. Plato hampeleki msikilizaji ndani ya mkakasi. Anampeleka kwa kile kinachoufanya mkakasi huu na ule vyote viwe mikakasi.

Mithili nayo imegeuka. Kwa Suhrawardi mithal ni asilia, na vitu vinaifuata. Kwa Kiswahili kitu kilicho mithili ya kingine ndicho kinachofuata. Mshale umeelekezwa upande wa pili, na hakuna fasili itakayoweza kuugeuza tena.

8.0 Kiolezo, umbo, na chombo cha mfumaji

Yamebaki maneno mawili. Kiolezo kinafaa pale Plato anaposema paradeigma, kama katika Euthyphro, Socrates anapotaka aoneshwe eidos moja ya uchaji ili aitazame na kuitumia kupimia matendo. Neno hilo linahifadhi mwelekeo sahihi, kutoka asilia kwenda nakala, na linahifadhi tendo la kutazama. Upungufu wake ni kwamba kiolezo cha mezani hutengenezwa, huchakaa na hubadilishwa.

Umbo lina pingamizi la kietimolojia. Limetokana na kuumba, kitenzi ambacho katika lugha nyingi za Kibantu humhusu mfinyanzi na udongo wake. Eidos huonwa, umbo huumbwa. Katika Timaeus, fundi wa ulimwengu hauumbi mfano anaoutazama. Anaumba ulimwengu kwa kuutazama mfano huo. Ni katika kifungu cha vitanda tu ambapo Plato anasema kuwa kitanda cha kwanza kimefanywa na mungu, naye anamwita kwa neno la watu wa bustani, mwotesha mimea, na wafafanuzi wamehangaika na neno hilo tangu zamani. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Etimolojia haiongozi matumizi pale wazungumzaji wanapokuwa wameisahau, na watoto wa shule wanaotaja maumbo ya mraba, duara na pembetatu hawamfikirii mfinyanzi. Wanafikiria kile kijana wa Meno alichokifikiria. Hakuna neno jingine la Kiswahili ambalo tayari linaishi mahali ambapo hoja ya Plato ina nguvu zaidi. Umbo la kitanda, basi, na si wazo la kitanda. Na mwanafunzi aliyeuliza kama mchoraji hana mawazo atajibiwa kuwa anayo, ila hakuyatazama maumbo, alikitazama kitanda cha seremala, tena kutoka upande mmoja.

Plato mwenyewe aliliona swali la tafsiri. Katika Cratylus, Socrates anauliza juu ya chombo cha mfumaji, kile kipande cha mti cha kupitishia uzi. Kikivunjika mikononi mwa seremala, je, atatengeneza kingine akikitazama kile kilichovunjika, au akilitazama umbo ambalo hata hicho kilitengenezwa kwalo? Kisha anahamia kwenye majina. Jina nalo ni chombo, na anayeliunda hulitia umbo lake katika silabi. Ikiwa waunda majina wa mataifa mbalimbali hawatumii silabi zilezile, hilo si kosa, kwa kuwa wahunzi nao hawatumii chuma kilekile hata wanapotengeneza chombo cha kazi ileile. Wagiriki na wasio Wagiriki wako sawa katika hili. Na nani atakayeamua kama jina limeundwa vizuri? Kinubi huamuliwa na mpigaji, usukani huamuliwa na nahodha. Jina huamuliwa na yule anayejua kuuliza na kujibu. Mabaraza na kamati za istilahi, kwa kipimo hicho, ni maseremala. Nahodha yuko darasani.

Majadiliano hayo hayafiki mwisho. Socrates anasema kuwa mara nyingi huota kwamba kuna uzuri wenyewe na wema wenyewe, na kwamba kama vingekuwa vinatiririka, hata kusema "ni hicho" kusingewezekana, kwa kuwa kingekuwa kimekwisha kwenda tulipokuwa tungali tukisema. Cratylus hashawishiki, anasema kuwa amelifikiria jambo hilo sana na bado anaelekea kwa Heraclitus. Socrates anamwambia alichunguze tena kwa ujasiri, na akipata chochote amjulishe. Cratylus anaahidi, anamtaka Socrates naye aendelee kulifikiria, kisha anashika njia ya kwenda shambani, Hermogenes akimsindikiza.